Wakaguzi wa hospitali: waja leo, waondoka leo, na pesa inayotutoka nje ya geti hawaihesabu

Wakuu, salaam. Wakubwa shikamooni.

Nimekaa na jambo hili wiki tatu nikidhani litapoa, halijapoa. Mama yangu ana miaka 68, ana kisukari na presha. Alijikwaa kwenye ngazi ya uani, kidole kikachubuka, kidonda kikakataa kupona, mguu ukavimba mpaka karibu na goti. Tukampeleka hospitali ya umma hapa hapa mkoani Tanga. Hospitali siitaji, kwa sababu mama bado anasafishwa kidonda pale na sitaki mzee wangu ateswe kwa maneno yangu. Alilazwa siku 9.

Mama ana kitambulisho cha matibabu bure kwa wazee. Kina picha yake na muhuri wa halmashauri. Na kweli, kumwona daktari hakulipa, kitanda hakulipa. Kwenye faili lake limeandikwa neno moja: msamaha. Kwa vitabu vya hospitali, mama yangu ametibiwa bure. Mkaguzi yeyote akilifungua faili lile atasoma hivyo, ataweka tiki, atafungua la mwingine.

Sasa sikilizeni daftari langu linasema nini. Mimi ni dereva wa bajaji, kila jioni napeleka hesabu kwa mwenye chombo, nimezoea kuandika kila shilingi. Siku ya kwanza: dripu 3, kanula na glovu, 10,500. Siku ya pili: sindano za antibayotiki, chupa 10, 30,000. Siku ya nne kipimo cha damu, nimeambiwa vitendanishi, zile kemikali za kupimia, vimeisha, nikampeleka ndugu na kichupa maabara ya mtaani, 25,000. Siku ya tano daktari akabadilisha dawa, zikaandikwa za nguvu zaidi, 64,000. Pamba, bandeji na dawa ya kusafishia kidonda kwa siku zote, 18,000. Jumla 147,500. Chakula sijaweka. Safari zangu usiku kutafuta duka la dawa lililo wazi sijaweka. Siku ambazo bajaji ililala na mwenye chombo anataka hesabu yake, nazo sijaweka.

Kila mara ilikuwa ni mwendo ule ule. Nashuka na cheti mpaka dirisha la dawa, nasubiri, kijana anaangalia kompyuta, anaandika "hakuna" pembeni ya dawa, ananirudishia cheti. Ananiambia kwa upole kabisa, "Kaka, kajaribu hapo ng'ambo." Ng'ambo ya barabara ipo. Ipo tele, ya aina mbili, ya bei ndogo na ya bei kubwa.

Wauguzi siwasemi vibaya, na naomba mtakaochangia msiwageuzie wao kibao. Zamu ya usiku sista mmoja alikuwa na wodi nzima peke yake. Usiku mmoja plasta ziliisha, akatoa kwenye mkoba wake, akambandika mama, akasema, "Bibi, hii ya kwangu, usimwambie mtu." Mtumishi wa serikali anatibu wagonjwa wa serikali kwa plasta ya kununua mwenyewe. Hilo nalo halimo kwenye kitabu chochote.

Kilichonifanya nifungue uzi huu ni siku ya sita.

Siku ya sita walikuja wakaguzi. Tulijua tangu jana yake, kwa sababu jioni tulianza kuona vitu. Bomba la choo cha wodi lililokuwa kavu tangu tunaingia likatoa maji. Asubuhi saa 12 tukatolewa ndugu wote nje, hata waliokuwa wanawalisha wagonjwa uji. Sakafu ikasuguliwa kwa dawa mpaka harufu ikafika getini. Shuka mpya za bluu zikatandikwa, vyandarua vikafungwa vizuri. Ukutani pakabandikwa karatasi ya bei za huduma, na chini yake wanaostahili kutibiwa bure: wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, wazee wasiojiweza. Siku tano tulikuwa tunapita pale, ukuta ni mweupe.

Saa 4 magari yakaingia. Wageni walianzia ofisini, wakakaa huko sana. Kutoka kwa mtumishi mmoja nilisikia kwamba waliridhishwa na makusanyo: malipo yote yanapita kwenye mfumo kwa namba ya malipo ya serikali, hakuna anayeshika pesa mkononi. Sikatai, hilo ni jambo jema. Sote tunakumbuka zamani ulivyokuwa unamkunjia mtu noti kwenye kiganja na risiti huioni. Kisha wakapita wodini. Hawakumaliza dakika kumi. Kitanda cha mama ni cha tatu kutoka mlangoni. Mmoja akasimama, akamwinamia, akamuuliza, "Shikamoo bibi, unaendeleaje?"

Mama akajibu, "Marahaba mwanangu. Alhamdulillahi."

Wakapita.

Wakuu, mtu yeyote aliyelelewa pwani hii anajua. Mzee wa Tanga ukimuuliza anaendeleaje atakwambia alhamdulillahi hata mguu ukiwa unaoza. Mgeni hapokelewi kwa malalamiko. Ile ni salamu, na mtu mzima mwenye kalamu na faili kifuani ameichukua kama ushahidi wa huduma! Angemuuliza, "Bibi, nani amenunua dripu hiyo?" mama asingesema uongo. Angemuuliza, "Kuna dawa mmeagizwa nje?" angemnyooshea kidole mfuko wa plastiki uliokuwa chini ya kitanda, umejaa maboksi ya dawa na risiti. Mfuko ulikuwa pale pale, hatua moja kutoka kwenye kiatu chake.

Mimi nilikuwa nje na daftari langu. Walipotoka nikasogea, nikasema naomba dakika moja tu, nina hesabu hapa. Mhusika mmoja wa hospitali akanishika bega. "Kaka, wageni wana ratiba. Andika uweke kwenye sanduku la maoni." Sanduku lenyewe kufuli yake imeota kutu, sijui nani alilifungua mara ya mwisho. Magari yakaondoka. Kesho yake asubuhi shuka za bluu zikakusanywa, mama akarudishiwa khanga yake. Nimeona kwa macho yangu. Jioni picha za ziara zikazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, pongezi, makusanyo yamepanda.

Yamepanda kutoka wapi? Hilo ndilo swali langu. Ukaguzi wetu unaifuata pesa kuanzia inapoingia dirishani. Inayopita geti kwenda ng'ambo ya barabara haina mkaguzi. Mimi nikimpelekea mwenye bajaji mapato bila mafuta na matengenezo, atanifukuza siku hiyo hiyo. Hospitali inahesabiwa kilichoingia tu, na ikiandika "hakuna" haipotezi kitu kwenye vitabu, mzigo unahamia kwangu na hesabu zake zinabaki safi.

Na ninaelewa tatizo lilipo, nisionekane mtu wa kulalama tu. Msamaha hauji na hela yake. Hospitali inategemea sana pesa za papo kwa papo na malipo ya bima ili ikanunue dawa Bohari ya Dawa ya serikali. Mzee mwenye kitambulisho haingizi kitu, anatoa tu. Serikali imeahidi kwa jina lake, bili imeachiwa dirisha la dawa, na dirisha limeiachia familia. Mama mwenyewe alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge upande wa Muheza, anakumbuka uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanza 1993. Waliambiwa lipeni kidogo ili dawa zipatikane. Anasema walilipa. Leo ni mzee, ameondolewa kulipa, na dawa hazipatikani.

Najua mtasema CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, yupo. Yupo, kwa ibara ya 143 ya Katiba, na kila mwaka mwisho wa Machi anamkabidhi Rais ripoti, Aprili tunazisikia Bungeni, kamati zinawaita watu kuwahoji. Namheshimu. Na Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2008 haimfungi kwenye risiti na vocha peke yake, inamruhusu ukaguzi wa ufanisi, aangalie kama huduma yenyewe inamfikia mtu. Basi tunaomba huo. Hauhitaji mitambo. Wakaguzi wawili wakae wiki moja kwenye maduka ya dawa yanayotazamana na mageti ya hospitali za umma, bila kutangaza, wahesabu vyeti vyenye muhuri wa hospitali vinavyoingia pale, dawa gani, bei gani, mgonjwa ni mzee au mjamzito au mtoto. Wiki moja tu! Watapata ripoti ambayo haijawahi kusomwa Bungeni.

Nilijaribu kwenda juu. Nikaambiwa zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya viko chini ya TAMISEMI (tawala za mikoa na serikali za mitaa), hospitali za rufaa za mikoa ziko chini ya Wizara ya Afya, kwa hiyo nianze kujua lalamiko langu ni la nani. Nikaenda ustawi wa jamii. Dada wa pale alinisikiliza vizuri sana, akasema uwezo wake ni kumsamehe mama ada za hospitali, na ada ameshasamehewa. Kilichonunuliwa nje hakimhusu. Kweli hakimhusu. Hakimhusu mtu yeyote.

Machi 2024 bima ya taifa ilipoleta kitita kipya, yaani orodha ya huduma na bei inazozilipia, hospitali kadhaa binafsi zilikataa kupokea wenye kadi kwa sababu ya bei. Serikali haikulala, vikao usiku na mchana. Mtoa huduma akisema bei inamuumiza, anasikilizwa wiki hiyo hiyo. Sisi tutagomaje? Nimgomeshe mama dripu?

Na kwa wanaosema tusubiri, Bunge limeshapitisha Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023: kadi peke yake haileti dawa dirishani. Iliyoandikwa "hakuna" utaifuata ng'ambo na kadi yako mfukoni. Mama ana kitambulisho, na kilimsaidia nini zaidi ya kitanda?

Ombi langu kwenu. Mwenye risiti za dawa alizoagizwa nje akiwa na mgonjwa hospitali ya umma, awe Pangani, Lushoto, Handeni, Kilindi, popote, aandike hapa jumla yake na mgonjwa wake alikuwa kundi gani. Jina la mgonjwa usiweke, hospitali usiitaje. Kiasi tu na siku alizolazwa. Nitayakusanya kwenye daftari hili hili, na safari hii silipeleki kwenye sanduku la maoni, nalipeleka kwa mkono ofisi ya mbunge na nakala kwa wakaguzi, nigongewe muhuri wa kupokelewa.

Mama anaendelea vizuri kiasi, kidonda kimeanza kushika nyama. Jumanne anarudi kusafishwa. Glovu, pamba na bandeji nimeshanunua, 6,500. Imeingia kwenye daftari.