Mtu wa tekno naomba njia ya kuingilia klasiki (si ile ya kubembelezea usingizi)

BesiChini

Wakuu, salaam. Mimi ni mtu wa tekno, hasa ile kavu isiyo na maneno wala mbwembwe: Robert Hood, Jeff Mills wa miaka ya 90, Basic Channel, Plastikman. Ile ambayo mtu akiingia chumbani anauliza "si inajirudia tu hii?", kumbe mimi nimekaa nasubiri toazi liingie, na likiingia nywele zinasimama.

Kila ninaposoma naambiwa kuna watunzi wa klasiki, wa minimalizimu (muziki wa vitu vichache vinavyojirudia na kubadilika taratibu) na wa majaribio, waliofanya jambo hilihili kabla tekno haijazaliwa. Nikawatafuta kwenye programu ya muziki, ikanimwagia piano laini za kusomea vitabu, majalada yote yana picha za ukungu. Hapana jamani. Nataka kitu chenye uzito. Muziki sijausomea na noti sizijui, ila masikio ninayo na uvumilivu ninao. Nianze na nani, na humo ndani nisikilize nini hasa?

KandaMbili

Mkuu, hizo za ukungu tupa kule, ni mapambo ya ukutani. Wewe una mtaji ambao msikilizaji wa kawaida wa klasiki anautafuta kwa jasho: umeshazoea kutosubiri melodia. Mtu wa simfoni anafuata kisa, nani kaingia, nani katoka. Wewe unasikiliza kitu kimoja kikigeuka polepole mpaka si kilekile tena. Basi ingia kwa mlango huo.

Anza na Piano Phase ya Steve Reich, 1967. Wapiga piano wawili wanapiga mchoro mmoja wa noti 12, kwa kasi, sawasawa. Halafu mmoja anabaki palepale na mwendo wake, mwenzake anaongeza kasi kidogo sana. Kama umewahi kuweka santuri mbili za wimbo uleule kwenye mashine mbili ukaiacha moja iteleze, sauti hiyo unaijua: kwanza unasikia kama mwangwi, kisha noti zinaanza kukanyagana, inakuwa vurugu tupu, halafu ghafla zinashikana tena. Ila sasa yule wa pili yuko noti moja mbele. Noti ni zilezile, lakini umetokea wimbo ambao kati ya wale wawili hakuna anayeupiga. Wanaendelea hivyo mpaka wakutane tena walipoanzia. Usikimbilie pale wanaposhikana. Kaa na ile vurugu ya katikati, utamu wote uko humo.

Na mbinu yenyewe ilizaliwa kwenye mashine. Mwaka 1965 Reich alikuwa na kanda za mhubiri wa barabarani aliyemrekodi San Francisco. Akaweka lupu mbili zilezile (vipande vya kanda vinavyojirudia bila kukoma) kwenye mashine mbili ili ziende pamoja, zikakataa: moja ikawa inaachana na mwenzake taratibu. Wengine wangeita fundi. Yeye akatengeneza It's Gonna Rain, na ndipo baadaye akawauliza binadamu kama na wao wanaweza. Kwa hiyo mtu akikwambia tekno imeiga klasiki, mkumbushe kwamba hapa klasiki ilikaa darasani kwa tepurekoda.

Ukishiba hiyo, nenda Music for 18 Musicians, iliyokamilika 1976. Tafuta rekodi ya lebo ya ECM iliyotoka 1978, karibu saa nzima, na uisikilize yote bila kurukaruka. Inaanza na kodi 11 (kodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja) zikipita moja baada ya nyingine, kisha kila kodi inafunguliwa na kujengewa sehemu yake, mwishoni zote 11 zinarudi. Marimba na piano zinashika mapigo bila kupumzika. Juu yake klarineti za besi na sauti za wanawake zinavimba na kunywea, na urefu wa kila wimbi ni pumzi ya mpigaji: pumzi ikiisha, wimbi limeisha. Hakuna kiongozi wa kupunga fimbo. Vibrafoni, ile kama marimba ila ya vibao vya chuma, ndiyo inayopiga ishara ya kuhama, na ukishaijua utaanza kuisubiri kama unavyosubiri toazi lako.

Jambo la pembeni: mwaka 1970 Reich alikwenda Ghana kujifunza ngoma za Waewe, aliporudi akaandika Drumming. Ukihisi kuna mahali umewahi kuusikia mpangilio ule wa ngoma kujibizana, hujakosea.

Baada ya hapo mimi ningekupeleka kwa Julius Eastman, na huyu ndiye ninayemwombea wasikilizaji kila nipatapo nafasi. Femenine, 1974. Inaanza na njuga, njuga hasa, zinazotikiswa na mashine tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha vibrafoni inashika kijisauti kifupi na hakiachi tena. Kundi linaingia juu yake, linatanuka, linapotea njia, linarudi, kwa zaidi ya saa. Reich amenyooshwa kwa pasi; Eastman ana mikunjo, ana furaha, ana fujo, na mara moja moja unahisi kundi zima linataka kuanguka, halianguki. Alikuwa Mmarekani mweusi, alifukuzwa kwenye nyumba aliyopanga na karatasi nyingi za muziki wake zikapotea, akafa 1990 akiwa na miaka 49 bila kelele yoyote. Rekodi ile ya 1974 ilikuja kutolewa 2016.

Ukitaka nzito kabisa, ya saa ile ambapo taa zimezimwa: Galina Ustvolskaya, Mrusi, Composition No. 2 ya 1972–73. Besi 8 zile kubwa za kusimama, piano moja, na sanduku la mbao linalogongwa kwa nyundo. Basi. Hakuna ngoma nyingine na huihitaji.

Terry Riley, In C (1964), utatajiwa na kila mtu: vipande 53, kila mpigaji anarudia kila kimoja kadiri anavyotaka kisha anasonga mbele. Nzuri, ila ubora unategemea sana nani anapiga, kwa hiyo onja rekodi kadhaa.

Na tafadhali, si kwa spika ya simu.

Bati

KandaMbili umesema vizuri ila unamzungusha kwenye mapigo tu. Huyu ametaja Basic Channel! Pale mapigo ni kisingizio, kinachokushika ni sauti yenyewe inavyooza ndani ya mwangwi. Kwa mtu huyo mimi natoa I Am Sitting in a Room ya Alvin Lucier, 1969. Mtu anasema maneno machache chumbani, anayarekodi, anayapiga chumbani humohumo na kuyarekodi tena, na tena. Kila mzunguko chumba kinakula maneno kidogo na kuacha zile sauti kinazozipenda, mpaka mwisho hakuna neno linalosikika, umebaki na chumba kikiimba. Hiyo ni dub tekno, ile tekno ya mwangwi ya kina Basic Channel, isiyo na besi.

Halafu Le Noir de l'Étoile ya Gérard Grisey: wapiga ngoma sita wamewazunguka wasikilizaji, na katikati zinaingia ishara za nyota aina ya pulsari zilizonaswa kwa darubini ya redio. Nyota inapiga tempo yake, binadamu wanaijibu.

Na kabla hamjamsifia kila mwanaklasiki, kumbukeni 1995 BBC ilimpelekea Stockhausen muziki wa vijana wa elektroniki wa wakati huo, Aphex Twin akiwemo. Mzee akamshauri Aphex Twin asikilize Gesang der Jünglinge, utunzi wa mzee mwenyewe, ili aachane na marudio. Aphex Twin naye akamrudishia: asikilize Digeridoo ya kwake. Mimi niko upande wa kijana, ingawa Gesang der Jünglinge yenyewe ni moto.

BesiChini

Wakuu, mmenifungulia kabati. Piano Phase imenimaliza, ule wimbo usiopigwa na mtu niliusikia nikadhani jirani amewasha redio. Ustvolskaya nimeupenda kuliko vyote, sikutegemea.

Nilikokwama ni kwa Éliane Radigue. Nilimwona anatajwa kwingine, nikaweka Kyema. Naelewa kwamba ni sintesaiza ya ARP 2500, inageuka polepole, lakini nimekaa nayo na sioni pa kushika. Hata mimi niliyezoea nimeuliza "hakuna kinachotokea?" Nakosea wapi?

Pia, je, kuna watu wa tekno wenyewe waliovuka kuja upande huu?

KandaMbili

Hukosei, umetafuta mapigo mahali ambapo hayapigwi na mkono. Sauti mbili zinazokaribiana zikilia pamoja, tuseme moja ya hezi 100 na nyingine ya 101, sikio linasikia sauti moja inayopanda na kushuka mara moja kwa sekunde. Zikiwa 100 na 102, mara mbili kwa sekunde. Radigue kazi yake yote iko hapo: anasogeza sauti kidogo kidogo, na mawimbi hayo yanaharakisha, yanapoa, yanakaribia kusimama. Hilo ndilo toazi lako. Weka kwa spika zenye besi, sauti ya kutosha, kisha geuza kichwa taratibu au tembea chumbani. Utakuta kona moja besi ipo na nyingine haipo. Kwenye hedifoni hilo hulipati. Kyema ni saa moja hivi na ni theluthi tu ya Trilogie de la Mort, kwa hiyo usiianze ukiwa na haraka.

Ukitaka kinyume chake, Continuum ya Ligeti, 1968: harpsikodi peke yake, noti zinapigwa haraka mpaka zinayeyuka kuwa ukanda mmoja. Haifiki dakika 4.

Waliovuka wapo. Mwanzo wa njia ni E2-E4 ya Manuel Göttsching, iliyorekodiwa Desemba 1981 kwa mkupuo mmoja na kutoka 1984. Nusu ya vitu unavyovipenda vimetoka tumboni mwake, Sueño Latino ya 1989 na Remake ya Carl Craig zikiwemo. Mwaka 2008 Carl Craig na Moritz von Oswald, huyohuyo wa Basic Channel, walipewa rekodi za kiongozi wa okestra Karajan za muziki wa Ravel na Mussorgsky wakazivunja na kuzijenga upya. Zile dakika za kwanza wanapokataa kukupa besi ndizo bora.

Reich Remixed ya 1999, albamu ya watu wa elektroniki wakigeuza kazi za Reich, mimi siipendi. Wengi wao wamechukua muziki ambao mapigo yake tayari yamekamilika wakaupigilia ngoma juu. Ngoma inakwambia moja, yaani pigo la kwanza la mzunguko, iko wapi, na raha yote ya Reich ni kutokujua moja iko wapi.

SetiNdefu

Swali la vitendo: hizi zinaingia kwenye seti ya DJ? Kuna mtu amejaribu kuzichanganya?

KandaMbili

Zinaingia, kwa masharti. Drumming itakutesa, wanaopiga ni binadamu na tempo inapumua. Utakuwa unasukuma santuri muda wote. Rahisi kuliko zote ni sehemu ya tatu ya Electric Counterpoint, 1987, Pat Metheny anapiga gitaa juu ya magitaa yake mwenyewe yaliyorekodiwa awali, mwendo umetulia. Ndiyo hiyo The Orb, kundi la muziki wa elektroniki, walichukua kipande wakatengenezea Little Fluffy Clouds, 1990. Ukiiweka juu ya tekno, kata sauti zote za chini za gitaa, acha besi iwe ya wimbo mwingine. Na usiipange moja kwa moja, isogeze mpaka usikie zinabishana.