Tupeane uzoefu: gari la zamani linazima likijisikia, linawaka likijisikia

Mrithi wa 504, Jinja

Wadau, marehemu baba aliniachia Peugeot 504 ya mwaka 1979. Aina hii ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, lakini ya kwangu inashindwa na msitu wa Mabira. Natoka Jinja asubuhi, injini inanguruma vizuri, Nile navuka, Njeru napita. Nikikaribia Najjembe inaanza kumisi (kurukaruka mapigo), inapiga bunduki mara mbili kwenye ekzosi, kimya. Nafungua boneti, nakula gonja (ndizi ya kuchoma), nusu saa inapita. Nikigeuza ufunguo inawaka kama haijafanya kitu. Wauza kuku wa pale sasa wananiita kwa jina.

Nimebadilisha plagi zote nne, pointi (zile za kukata na kuunga umeme wa cheche), kondensa inayozilinda zisiungue, na betri. Fundi mmoja akasema ni mafuta, akaniuzia na pampu, hata sijaifunga. Ugonjwa bado upo. Mliopitia haya, semeni mlivyoukamata ugonjwa wenyewe. "Badilisha kile, badilisha hiki" nimeshachoka nayo.

Kobe wa Masaka

Pole ndugu. Kosa lako hata mimi nililifanya: unaliacha gari lipoe ndipo uguse. Mwizi anakamatwa akiwa bado ndani.

Yangu ni Beetle, na koili yake (inayokuza umeme wa betri uwe cheche) inakaa nyuma pale juu kwenye joto la injini. Ilikuwa inanizimia Lwera, jua la saa nane, kinamasi kushoto na kulia. Siku moja nikaamua kutosubiri. Nilichomoa waya wa plagi moja, nikaupachika plagi ya akiba, ganda la plagi nikalibana kwenye chuma cha injini, mke wangu akapiga stata. Hakuna cheche. Hapo nikajua mafuta hayahusiki, maana miezi mitatu nzima kabureta, mchanganya mafuta na hewa, ndiyo ilikuwa inalaumiwa. Koili haikushikika kwa moto. Nikalowesha tambara kwa maji ya kunywa, nikaifunga kama mgonjwa wa homa. Dakika kumi hivi, cheche ya bluu hiyo, tukaondoka.

Kilichoniuma ni kwamba fundi alikuwa ameipima mara mbili na kusema nzima. Zote mbili alipima asubuhi! Ikiwa baridi, kati ya tamino zake mbili ndogo mita ilisoma omu 3 na kidogo, kawaida kabisa kwa koili ile. Nilipoitia kwenye mfuko wa plastiki na kuizamisha katika maji ya moto, mita ikaonyesha njia imekatika. Waya wa ndani umekatika lakini ncha zinagusana. Ukipata joto unatanuka, zinaachana.

Afande Mstaafu, Bombo

Salaam. Nimeendesha Land Rover Series III miaka mingi, kazini na sasa yangu mwenyewe. Nitaeleza ugonjwa uliokula muda wangu kuliko wote.

Gari likisimama tu, injini inaunguruma vizuri. Nikikanyaga mafuta mpaka chini kupanda mlima, vizuri. Nikiwa tambarare, mwendo wa kawaida, mguu mwepesi, inamisi na kukata. Kila fundi akasema kabureta, kwa sababu dalili zinafuata mguu. Tuliifungua mara nne. Safi kama sahani.

Ndani ya distributa (inayogawa cheche kwa plagi), bamba linalobeba pointi halikai tuli. Kile kikombe cha vakyumu cha pembeni, kinachofanya kazi kwa mvuto wa hewa ya injini, kinalivuta mguu ukiwa mwepesi, na kuliachia ukikanyaga sana. Kuna waya mwembamba unaopeleka umeme kwa pointi, na mwingine wa erthi unaoliunganisha bamba na mwili wa distributa. Waya hizo zinakunjwa na kukunjuliwa kila siku ya Mungu. Wangu wa erthi ulikuwa umekatika ndani ya ngozi yake; kwa macho ni mzima. Bamba likivutwa, umeme unapotea. Likirudi, ncha zinakutana.

Niliukamata kwa taa ndogo ya volti 12 yenye waya mbili. Waya mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine kwenye bamba. Taa ikawaka. Nikasukuma bamba kwa kidole taratibu, taa ikazima. Kazi ya dakika tano baada ya miezi saba.

Wewe wa Jinja, fanya hivi. Siku ikizima, gusa chanya ya koili kwa taa hiyo, waya wa pili kwenye chuma, ufunguo ukiwa umefunguliwa. Taa ikiwa hafifu au haiwaki, iache koili, tatizo liko kabla yake, kwenye njia ya umeme unaoifikia. Pitisha waya kutoka chanya ya betri moja kwa moja hadi chanya ya koili, piga stata. Angalizo: kama koili yako inapata umeme kupitia rezista (kipunguza umeme), usiuache waya huo muda mrefu, utaichoma. Na ufunguo hautazima injini, itabidi uchomoe waya.

Mwalimu wa Kabale

Mimi Datsun 120Y, na ugonjwa wake ulikuwa wa ukungu tu. Asubuhi Kabale inakohoa, saa nne iko sawa. Kaka yangu alinishauri nifungue boneti usiku, taa zote zimezimwa, injini inaunguruma, nimnyunyizie maji kidogo sana mtoto wa watu kwenye kifuniko cha distributa. Jamani, niliona radi ndogo za bluu zinatembea juu ya kifuniko! Kulikuwa na ufa kama unywele, na ndani yake mstari mweusi ambao moto ulishaugeuza barabara. Kifuniko kipya, basi. Msishike waya za plagi wakati huo, mtarushwa.

Platini, Arua

Sisi tuliokulia upande wa Kongo tunaita platini, nyie pointi, sawa tu. Ninachotaka kusema ni hiki: ulipobadilisha kondensa, ile ya zamani uliitupa? Kuna mpya zinazokufa kabla ya za baba zako. Yangu haikumaliza wiki, platini zikaungua na kufanya vipele. Nikairudisha ya zamani yenye kutu, na bado ipo. Ukifungua kifuniko ukaona cheche kubwa kwenye platini zenyewe, mshuku kondensa.

Boda Mstaafu

Yangu nilipoteza pesa kwenye umeme wote huo, kumbe kifuniko cha tangi kimeziba tundu la hewa, mafuta hayatoki. Nilipokifungua kikavuta pumzi, fyuuu. Kwa hiyo anza na plagi ya Kobe, ujue kwanza ni umeme au mafuta.

Mrithi wa 504, Jinja

Nimerudi. Jana ilizima palepale, na safari hii nilishuka mbio na taa ya Afande. Plagi: hakuna cheche. Taa kwenye chanya ya koili: nyekundu kama kaa la sigara. Nikavuta waya kutoka kwenye betri, ikawaka hapohapo, ikiwa bado ya moto! Wauza kuku walipiga makofi.

Leo tumefungua chini ya dashibodi. Waya unaotoka kwenye swichi ya ufunguo umeungwa njiani kwa kiungo cha kuchomeka, kimeota ukijani na plastiki yake imeyeyuka upande mmoja. Kikipata moto, kinabana umeme. Tumekikata, tumeunga upya kwa risasi ya kulehemu. Nimeenda Mukono na kurudi bila kusimama.

Afande, asante sana mzee wangu. Ile pampu ya mafuta imo butini, haijatoka hata kwenye boksi. Mwenye 504 anayeihitaji aseme.