Haiba 17 haikupi ruhusa ya kumgeuza mhusika wangu kuwa kisura

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaipunguza makali. Nyie mnaoendesha meza za Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani ambao kila mtu anaigiza mhusika wake kwa kurusha dadu na mwendesha mchezo anasimulia mengine yote, acheni kusoma namba ya Haiba (Charisma, moja ya sifa za mhusika) kama kipimo cha uzuri wa sura. Na acheni hasa pale mhusika anapokuwa mwanamke, maana wa kiume hamwafanyii hivyo.

Mhusika wangu ni paladini, yaani mpiganaji mwenye kiapo na uchawi mtakatifu. Nilimwandika mwenyewe kwenye karatasi yake: nahodha mstaafu, miaka hamsini na kitu, pua imevunjika ikaungia upande, jino la mbele hana, sauti inakwaruza kwa kupigia mabaharia kelele maisha yake yote. Haiba 17. Nimeipandisha mpaka hapo kwa sababu uchawi wa paladini unategemea Haiba, bila hiyo hana msaada kwa wenzake. Sasa tumefika bandarini kudai meli yetu kwa mfanyabiashara mmoja, naanza kupanga hoja zangu, mwendesha mchezo ananikatiza: "Haiba 17? Basi we ni mrembo balaa, jamaa kakukodolea macho." Akaanza kueleza kifua cha mhusika wangu. Kifua! Nikamsomea nilichoandika. Akasema namba ndiyo inayoamua. Akarusha dadu nyuma ya kadibodi yake, akatangaza kwamba mfanyabiashara kanasa, na mhusika wangu anaona raha kutazamwa.

Anaona raha kwa ruhusa ya nani?

Pembeni yangu kakaa kaka mmoja, mhusika wake ni mwimbaji mwenye Haiba 18. Mfanyabiashara yuleyule alimpokea kama mtu wa maneno mazito anayestahili kusikilizwa. Namba yake inaizidi yangu, lakini tangu tuanze kucheza sura yake haijatajwa hata siku moja.

Kitabu cha sheria cha 2014 kinaielezea Haiba kwa kujiamini, ufasaha na uwezo wa kuwavuta au kuwaamrisha watu. Anayebisha afungue kitabu cha madubwana cha toleo hilohilo. Joka jekundu lililokomaa lina Haiba 21. Lichi, yule mchawi aliyekufa akabaki mifupa na ngozi kavu, ana 16. Biholda, lile dubwana la duara lenye jicho kubwa katikati na vijicho kumi juu ya vikonyo, lina 17, sawasawa na nahodha wangu. Sijawahi kumsikia mwendesha mchezo akisema biholda ni mrembo balaa.

Ugonjwa huu ni wa zamani, na ndiyo maana unaniuma kuuona bado uko mezani. Vijitabu vya kwanza vya 1974 vilichanganya Haiba na sura, vikaeleza kwamba mchawi wa kike akikukamata, namba hiyo ndiyo itaamua kama atakugeuza nguruwe au atakuweka kuwa mpenzi wake. Mwaka 1976, jarida la The Dragon, toleo la 3, lilichapisha makala iliyopendekeza wahusika wa kike waondolewe Haiba wapewe Uzuri, pamoja na uchawi wa kutongozea wanaume. Sheria za 1978 zikawawekea wanawake kikomo cha nguvu cha chini kuliko cha wanaume. Halafu 1985 kikaja kitabu cha nyongeza, Unearthed Arcana, na sifa ya saba kabisa, ya sura, inayorushiwa dadu, na mwenye damu ya orki, yale majitu ya kubuni yenye sura za kutisha, anakatwa alama kwa kuzaliwa tu. Toleo la pili la mchezo, la 1989, likaiacha. Waliotunga mchezo wenyewe waliiondoa, nyie mnairudisha kwa mlango wa nyuma.

Sisemi sura isiwepo mchezoni. Tazama michezo mingine ya aina hii. Kwenye GURPS unainunua kwa pointi: ukitaka mhusika mzuri unalipa, ukitaka mwenye sura mbaya unarudishiwa pointi, na uamuzi ni wako. Vampire: The Masquerade ilikuwa na sifa ya sura tangu 1991, lakini toleo la 2018 limeitoa kwenye sifa za lazima ikawa kitu cha kuchagua. Call of Cthulhu bado inairushia dadu, sawa, ila imeandikwa wazi kwenye karatasi na kila mtu anaijua kabla ya kukaa.

Najua atakuja mtu hapa kuniambia "dada, ni mchezo tu". Haya. Kwenye mchezo huo mwendeshaji ana wafalme wote, majeshi, miungu, mvua na bei ya mkate. Mimi nina mtu mmoja. Akishaniamulia sura yake, mwili wake na anachokisikia anapotazamwa, mimi nimebaki kufanya nini pale zaidi ya kumrushia dadu?

Nimeshatoka kwenye meza ile. Niliomba tuyaongee pembeni, nikaambiwa naharibu raha za wenzangu. Natafuta meza nyingine ya mtandaoni, Jumamosi usiku, ya Kiswahili. Mwenye nafasi aniandikie, na aniambie mapema kabisa: kwenye meza yake, nani anaamua mhusika wangu anafananaje, na nani anaamua anamtamani nani? Kama jibu si mimi, asijisumbue kunitumia kiungo.