Saa ya Dunia, taa za ngazi au kikao cha nyuklia: kamati ichague lipi?

Mkaazi_Mtwapa: Wadau, kamati ya fleti zetu inakutana Jumamosi kuamua matumizi ya pesa za mazingira. Wengine wanataka tuadhimishe Saa ya Dunia: taa zizimwe saa mbili unusu hadi saa tatu unusu usiku, tununue mishumaa na fulana. Wengine wanataka taa za ngazi zibadilishwe. Kijana mmoja ashikilia kwamba hayo yote ni maonyesho tu, heri kikao cha kuunga mkono kinu cha nyuklia. Lipi lina maana?

Fundi_Rama: Hujasema yanayohitajika. Taa ngapi? Tyubu za futi nne au balbu? Zina choki (kifaa cha kudhibiti umeme wa tyubu) ya chuma na stata (kiwashio), au ya elektroniki? Zawaka saa ngapi, na mita ya ngazi analipa nani?

Dada_Swafiya: Mimi naunga mkono Saa ya Dunia. Ilianza Sydney mwaka 2007 na imefika mbali kwa sababu mtoto yeyote aweza kushiriki. Lakini mishumaa iacheni. Ile nta kwa kawaida hutokana na mafuta ghafi ya petroli. Mshumaa mmoja huchoma gramu 5 hadi 7 kwa saa na kutoa gramu 15 hadi 20 za hewa ya ukaa. Balbu ya LED ya wati 9, hata ikilishwa na jenereta ya dizeli, haifiki gramu 10 kwa saa hiyo, na mwanga wake ni mara nyingi zaidi. Kaeni gizani mzungumze.

Mkaazi_Mtwapa: Samahani kwa kuacha hayo. Tyubu 24 za wati 36, choki za chuma, zawaka saa kumi na mbili kila usiku. Mita ni ya pamoja.

Fundi_Rama: Hapo hesabu iko wazi. Tyubu ya wati 36 pamoja na choki hula kama wati 45. LED ya wati 18 yaokoa 27. Mara 24, mara saa 12, ni karibu uniti (kilowati-saa) 7.8 kila usiku. Mkizizima hizo hizo saa moja kwa mwaka mwaokoa uniti 1 na kidogo.

Ila angalieni tyubu mnayonunua. Zile za kubaki na choki huja na stata yake ya bandia. Toa ile ya zamani uweke hiyo, la sivyo taa itapepesa. Zile za kulishwa upande mmoja zataka choki iondolewe, laivu (waya wa moto) na nyutro (waya wa kurudisha) ziende upande mmoja tu. Kuna jengo ambapo fundi alizifunga hivyo, asiweke alama yoyote. Moja ikafa, mlinzi akanunua aina nyingine, ambayo pini za upande mmoja zimeunganishwa ndani, akauelekeza upande huo kwenye nyaya za umeme. Shoti, swichi ya usalama ikaruka, ngazi zote giza. Akairudisha tena na tena bila kuitoa tyubu, hadi kishikizo kikayeyuka. Andikeni "moto upande huu" kwa wino usiofutika.

Nguvu_Kazi: Uniti 7.8 si umeme wa viwanda. Tazameni kituo cha nyuklia cha Barakah, Abu Dhabi: vinu vinne, megawati 5,600, mchana na usiku, takriban robo ya umeme wa Emirati. Kinu cha kwanza kilianza kujengwa 2012, kikaingia gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa, 2020.

Mhandisi_Gridi: Gridi ya Emirati ni kubwa, ndugu. Kilele cha matumizi ya umeme Kenya ni zaidi kidogo ya megawati 2,300. Kanuni ya kawaida ni kwamba mtambo mmoja usizidi asilimia 10 hivi ya gridi, maana ukizimika ghafla masafa (mapigo ya umeme kwa sekunde) hushuka chini ya hezi 50 na mitambo mingine hujitoa. Tarehe 25 Agosti 2023 nchi nzima ililala giza, na mabishano kuhusu chanzo yalihusu megawati 270 tu za mitambo ya upepo ya Turkana. Kinu cha megawati 1,000 je? Na usiku wa manane mvuke wa jotoardhi wa Olkaria huachiliwa hewani kwa kukosa watumiaji.

Nguvu_Kazi: Basi gridi ikuzwe, na laini ya kuuzia jirani ijengwe. Nyuklia ni mpango wa miaka 60.

Mwana_Uyombo: Kuzeni, lakini si kwa kuua bahari. Karibu theluthi mbili za joto la kinu hutupwa, na hapa Uyombo, Kilifi, kilikopangwa kujengwa, lingetupwa majini, karibu na matumbawe ya Watamu. Ndiyo maana watu waliandamana 2024.

Nguvu_Kazi: Sasa inatazamwa Siaya, kando ya Ziwa Victoria.

Mwana_Uyombo: Na ziwa nalo lina wavuvi.

Dada_Swafiya: Turudi kwenye fleti. Saa moja hadi saa tatu usiku ndicho kilele, ndipo mitambo ya mafuta kama ya Rabai huhitajika. Saa ya Dunia yaanzia humo humo. Mkiifanya desturi ya kila jioni, si ishara tena.

Mhandisi_Gridi: Kweli, na taa ndizo ndogo. Heta ya kuogea ya kilowati 5.5 kwa dakika kumi ni sawa na balbu ya wati 9 kwa saa mia. @Mkaazi_Mtwapa, fleti ngapi zina heta hizo?

Mkaazi_Mtwapa: Karibu zote. Lakini hizo ziko kwenye mita za wapangaji, kamati haina amri nazo.

Fundi_Rama: Kabla ya Jumamosi fungua kishikizo kimoja, umeme ukiwa umezimwa kwenye boksi, upige picha ya nyaya uiweke hapa.