Saratani ya koo: lini aingie tiba shufaa?

Swali: Habari wakuu. Mgonjwa ana saratani ya koo la chakula, kemo (dawa za kuua seli za saratani) haipunguzi uvimbe tena. Aendelee au aingie tiba shufaa (ya kupunguza maumivu na mateso, siyo kuponya)?

Jibu: Pole, dada. Angalia kitanda kuliko picha za CT. Akilala zaidi ya nusu ya mchana, kilo zinashuka na kila mara anarudishwa wodini, kemo itamchosha bure. Aulizwe mwenyewe, siyo mashemeji.

Jibu: Msingoje siku za mwisho. Mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, hunywewa kila baada ya saa 4 kwa kipimo alichoandikiwa, hata kama maumivu hayajarudi. Bila dawa ya kulainisha choo atafunga choo, ndipo ndugu huificha chupa ya mofini wakisema "inamuua".

Jibu: Na mionzi michache ya kumwezesha kumeza uji bado hutolewa. Shufaa siyo kufukuzwa hospitali.