Naomba ushauri: nikate mashina ya bonsai zangu (miti ninayoidumaza kwenye vyungu) au niziache?

Wakuu, habari za leo. Nipo Tanga. Nina bonsai mbili nilizozilea tangu zikiwa miche, mwaka wa 6 sasa: mkuyu na mkwaju. Mkuyu umefika sentimeta 70, lakini shina limenyooka kama mpini wa jembe, unene uleule toka chini hadi juu. Dawa yake najua ni kulikata libaki kama theluthi ya kimo ninachokitaka, kisha chipukizi la juu liwe shina jipya, jembamba zaidi. Huo siuogopi sana. Mwezi uliopita niliukata tawi, utomvu mweupe ukachuruzika mpaka kwenye chungu, na wiki ya tatu vichipukizi vitatu vikatokeza chini ya kidonda.

Roho inaniuma kwa mkwaju. Mbegu yake niliitoa kwenye mti wa marehemu bibi, na ule mti wenyewe ulishaangushwa. Huu wangu chini hauna tawi hata moja, gome tupu. Nikikata mahali pasipo na jani, utachipua? Nisubiri masika? Au niuhamishie ardhini kwanza unenepe? Aliyewahi kukata mkwaju tafadhali anieleze alikata wapi na nini kilifuata.