Banda la kuku wa Bibi, kabla ya masika

JUMAMOSI

Salimu: Shikamooni wakubwa. Bibi kaamka hana raha. Kicheche kaingia jikoni usiku, kaua mitetea 3 na lile koo lililokuwa linaatamia. Mayai 11 yamebaki pale yamepoa.

Shangazi Rukia: Marahaba mwanangu. Lile koo jekundu?

Salimu: Hilo hilo shangazi. Bibi kayafunika mayai kwa kipande cha khanga. Nimemwambia hayataangua tena, lakini hataki niyatoe.

Shangazi Rukia: Maskini mama yangu. Muache nayo kwanza leo.

Mjomba Hamisi: Huu mwaka wa pili tunasema tutamjengea banda. Masika yakianza hapo Muheza hakuna fundi atakayesimamisha nguzo. Tuna wiki 4, jamani.

Dada Zai: Mimi natoa elfu 50 leo leo. Na nimeshampigia fundi mmoja, anasema atapandisha tofali mpaka juu, mlango wa chuma. Mwizi haingii, kicheche haingii.

Mjomba Hamisi: Zai mwanangu, ahsante kwa hela, lakini tofali mpaka juu hapana. Hilo kosa nililifanya mimi mwaka 2016. Nilijenga chumba kizuri, vidirisha viwili kama vya choo, nikaweka kuku 40. Asubuhi ukifungua mlango, harufu ya mavi inakupiga machoni mpaka machozi yanakutoka. Haikupita miezi miwili wakaanza kukoroma, macho yamevimba. Nikanunua dawa, nikabadilisha dawa, nikazika 17. Bwana mifugo alipokuja hakushika kuku hata mmoja. Aliinama mlangoni, akavuta pumzi, akaniambia: ingia ufunge mlango ukae dakika 10. Sikuzimaliza.

Mjomba Hamisi: Kwa hiyo ukuta chini sentimita 60 tu, juu yake wavu mpaka kwenye bati. Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi, jua la asubuhi na la jioni lipige ubavu mfupi. Na upande wa kusi ukuta uongezwe ufike mita 1, maana mvua ya masika inaletwa na upepo wa huko.

Dada Zai: Nimekuelewa mjomba. Ila wavu si mwizi anakata na mkasi?

Mjomba Hamisi: Atakata. Ndiyo maana liwe chini ya dirisha la Bibi, si kule nyuma kwenye migomba. Mwizi anaogopa sikio kuliko tofali. Na ule wavu mwembamba wa matundu makubwa usinunuliwe kwa sehemu ya chini. Kicheche anapitisha mkono, anavuta mguu wa kuku aliyelala. Chini tuweke wavu mzito wa matundu madogo.

Kaka Shabani: Mnaonaje tuliinue juu ya nguzo, mita 1 kutoka ardhini, na kingazi? Siafu mnawasahau. Mwaka juzi waliingia kwa jirani usiku mmoja, vifaranga vyote vilibaki mifupa. Nguzo unazipaka oili chafu, hawapandi.

Shangazi Rukia: Shabani, nyie mnapima kuku, mama hamjampima. Ana miaka 78 na goti la kulia halikunjiki. Kingazi atapandaje kuokota mayai? Akianguka hapo tutakuwa tumemjengea nini?

Shangazi Rukia: Nisemeeni hili moja nitulie. Pale jikoni anaokota mayai amepiga magoti kwenye majivu, anapapasa chini ya kinu. Nimemuona mwenyewe Idi iliyopita. Anashika ukuta kunyanyuka, na yai liko mkononi hataki kuliachia. Banda hili aingie wima, atoke wima.

Kaka Shabani: Kweli shangazi. Sikuliwaza.

Mama Mdogo: Mlango uwe futi 6 basi. Na vitagio, vile visanduku vya kutagia, vipachikwe ukutani, kifuniko kifungukie nje. Anaokota mayai bila hata kuingia.

Salimu: Ngojeni nimpime.

Salimu: Kasimama mlangoni, nimechora kwa mkaa. Mkono ukiwa umelegea, kiganja kinafika sentimita 70. Anapochukulia kitu bila kuinama ni kama 80.

Mjomba Hamisi: Vizuri sana. Sasa sikiliza Salimu. Sakafu tunaiinua futi 1 kwa mawe na udongo wa kushindilia, juu saruji, ili maji ya masika yasiingie. Kitagio ndani kikiwa sentimita 50 juu ya sakafu, kwa nje kitakuwa 80. Kuku anaruka 50 bila shida na Bibi hainami.

Dada Zai: 🙏🏾🙏🏾 Hapo mmenigusa.

Mjomba Hamisi: Kuku wamebaki wangapi?

Salimu: 22, pamoja na majogoo.

Mjomba Hamisi: Banda la mita 3 kwa 2.5. Ukihesabu kuku 5 kwa mita moja ya mraba, linachukua 37, vifaranga vya mwaka huu wana pa kukulia. Vitagio 4. Fito za kulalia 3 za mita 2.5, kila kuku anataka kama sentimita 20. Fito zikae juu kuliko vitagio, zikiwa chini watalala kwenye vitagio na kila yai litatoka na mavi.

Kaka Shabani: Na siafu?

Mjomba Hamisi: Majani yafyekwe kuzunguka banda, mita 2 paonekane udongo mtupu. Wakitokea, Salimu, majivu mengi na usiku huo huo kuku watoke.

JUMANNE

Salimu: Mabanzi ya mtiki yamefika, ya kutoka shamba la mitiki la Longuza. Nimepakia toroli 2.

Mjomba Hamisi: Usizike hata moja ardhini. Banzi ni ganda la nje la gogo, ile sehemu nyeupe mchwa wanaila. Nguzo chagua zenye moyo mweusi.

Mama Mdogo: Bati nimelipia, 6 za futi 12. Acheni ukingo wa sentimita 60 pande zote, mvua isipige maranda ya mbao tutakayotandika sakafuni.

JUMAPILI, WIKI YA TATU

Salimu: Limekwisha. Picha zinakuja mtandao ukikaa sawa. Bibi kaingia, kazunguka, katoka, kaingia tena. Anafungua kifuniko cha kitagio anafunga.

Shangazi Rukia: Goti halikumsumbua?

Salimu: Hakushika ukuta shangazi.

Mama Mdogo: Msisahau chanjo ya ugonjwa wa mdondo, tone moja jichoni, kila miezi 3. Zamani tulikuwa tunakimbizana nao shambani nusu wanabaki. Sasa wakilala mnawashika mmoja mmoja kwenye fito.

Salimu: Tatizo wamekataa kuingia. Jua limezama, wote wanapanda mwembe.

Mjomba Hamisi: Wamezoea. Washushe kiza kikiingia, uwaweke kwenye fito taratibu. Kesho na keshokutwa usiwafungulie, wape chakula na maji humo humo. Siku ya tatu fungua mchana, jioni watarudi wenyewe.

Salimu: Nimewashusha. Bibi kaweka kigoda mlangoni na taa, anahesabu. Amefika 21. Anasema mmoja hayupo na hataki nifunge. Narudi mwembeni na tochi.

Shangazi Rukia: Angalia tawi la upande wa kisima. Jogoo mweupe hulala huko.